Homa Mpya: Twende Tukaone

(Mazungumzo ya ibada yaliyosomwa redioni. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakuyasikia. Somo: 2 Wafalme 6:24 mpaka 7:20.)

Kama uko jikoni, endelea na kazi yako, lakini nitegee sikio. Kama una mgonjwa nyumbani, sogeza redio karibu na kitanda chake, maana neno la leo linamhusu yeye hasa.

Nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo huja na kurudi katika mitaa yetu. Siku moja hutangazwa kwamba homa mpya imeonekana mahali fulani duniani. Kabla jua halijatua, habari hiyo imekwisha kufika Mowlem. Kwenye kibanda cha mboga, mama mmoja anashika kichwa na kusema, "Hii itatumaliza." Kwenye steji ya matatu, kijana anacheka na kumjibu, "Hakuna kitu hapo, mama. Ni watu wanataka kula pesa." Jioni, katika ploti moja, majirani wamekwisha kugawanyika makundi mawili. Wako wenye hofu na wako wenye dharau. Kila kundi lina ujumbe wake katika simu, na kila kundi lina mstari wake wa Biblia.

Mimi ni mkazi wa mtaa huu wa Mowlem, na ni mwinjilisti katika kanisa dogo hapa. Nimepata kukaa katika makundi yote mawili, kila moja kwa wakati wake. Kwa hiyo leo sisemi kama mwalimu mwenye fimbo. Nasema kama mtu aliyekosea, akaonyeshwa kosa lake, naye anaona aibu kulificha.

Hebu kwanza twende pamoja mpaka Samaria, katika siku za nabii Elisha.

Mji ulikuwa umezingirwa na jeshi la Shamu. Njaa ilikuwa kali hata kichwa cha punda kikauzwa kwa vipande themanini vya fedha. Ndipo Elisha akatangaza kwamba kesho, katika lango la mji, unga mzuri utauzwa kwa bei rahisi. Karibu na mfalme alisimama akida mmoja, mtu mkubwa, ambaye mfalme aliegemea mkono wake. Akida yule alilidharau neno lile. Alisema kwamba hata Bwana akifungua madirisha mbinguni, jambo hilo haliwezi kuwa.

Nje ya lango walikaa watu wanne wenye ukoma. Hao hawakuruhusiwa kuingia mjini. Jioni ile waliambiana kwamba wakikaa pale watakufa, na wakiingia mjini watakufa, basi afadhali waende katika kambi ya Washami. Wakaenda. Wakakuta kambi haina mtu hata mmoja. Hema zipo, farasi wapo, punda wapo, chakula kipo, fedha ipo. Washami walikuwa wamekimbia usiku, kwa sababu Bwana aliwasikizisha sauti ya magari na farasi na jeshi kubwa. Hawakuliona jeshi lile. Walisikia sauti tu, nao wakaacha kila kitu na kukimbia.

Wale wanne walikula, wakanywa, kisha dhamiri ikawachoma. Wakarudi usiku ule ule kuwaita walinzi wa lango. Mfalme alipoamshwa hakuamini. Alisema ni hila ya adui. Nasi tusimlaumu upesi, maana alikuwa vitani, na mtu aliyekwisha kuumizwa na hila huiona hila kila mahali. Lakini alikuwako mtumishi mmoja wa mfalme ambaye Biblia haikutaja jina lake. Yeye hakusema, "Ni kweli," wala hakusema, "Ni uongo." Alishauri kwamba watwae farasi watano kati ya wale wachache waliosalia, watume watu wakaone. Wakaenda mpaka mto Yordani, wakaona njia imejaa mavazi na vyombo vilivyotupwa na Washami katika haraka yao. Wakarudi wakasema walichokiona. Na kwa neno hilo mji ukapata chakula.

Ndugu zangu, tazameni watu waliomo katika habari hii. Washami walikimbia sauti. Akida alidharau. Mtumishi alisema, twende tukaone. Na nje ya lango walikuwako wagonjwa wanne, ambao hakuna aliyeuliza habari zao. Naomba tuwaweke watu hao moyoni, kisha tuyaangalie mambo ya nchi yetu wenyewe.

Tuanze na hofu. Mwishoni mwa mwaka 2005 na mwanzoni mwa 2006 ulimwengu wote ulizungumza juu ya homa ya ndege. Februari 2006 ilithibitishwa Nigeria, ikawa mara ya kwanza katika bara la Afrika. Baadaye ilionekana Misri, Sudan na Djibouti. Hapa Kenya haikuonekana wakati ule. Hata hivyo watu wengi waliacha kununua kuku na mayai. Mama aliyefuga kuku hamsini nyuma ya nyumba, apate karo ya mtoto, alibaki nao na hana mnunuzi. Ugonjwa haukuvuka mpaka wetu, lakini hofu ilivuka, nayo ilimpiga maskini.

Mwaka 2009 ikaja homa iliyoitwa homa ya nguruwe. Jina lile liliwapotosha watu wengi, wakadhani ugonjwa umo katika nyama. Shirika la Afya Duniani liliona kosa hilo, na tarehe 30 Aprili mwaka ule likaacha kulitumia jina la nguruwe. Lakini huko Misri, siku moja kabla, serikali ilikuwa imeamuru nguruwe wote wa nchi ile wachinjwe, nao walikuwa kama 300,000. Wakati amri ile inatolewa, hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amethibitishwa kuwa na homa hiyo nchini Misri. Wengi wa wenye nguruwe wale walikuwa Wakristo maskini wa mji wa Cairo, watu wa kuzoa taka, ambao nguruwe zao zilikula mabaki ya chakula. Nguruwe zilipokwisha, taka za chakula zikarundikana katika mitaa ya mji. Sisi tunaokaa karibu na jaa la Dandora twaweza kuelewa jambo hilo bila kufundishwa. Wale waliokuwa na kidogo walinyang'anywa hicho kidogo, kwa sababu watu wakubwa walisikia sauti usiku.

Kenya nayo ilipata mgonjwa wake wa kwanza aliyethibitishwa tarehe 29 Juni 2009. Alikuwa mwanafunzi kutoka Uingereza aliyefika Kisumu pamoja na wenzake. Homa ile ilienea nchini, lakini haikuwa kali kama watu walivyoogopa. Basi wengi wakasema, "Mnaona? Tulitishwa bure." Lakini haikuwa bure kabisa. Watafiti walikadiria kwamba katika mwaka wake wa kwanza iliua watu kati ya 150,000 na 575,000 duniani, na wengi wao hawakuwa wazee. Wala homa hiyo haikuondoka. Ilibaki kati ya watu, ikawa moja ya homa za mafua zinazorudi mara kwa mara. Labda mimi na wewe tumekwisha kuugua, tukapona, bila kujua jina lake.

Sasa tutazame dharau, nayo ina kaburi lake. Mwaka 1918, Vita Vikuu vya Kwanza vilipokuwa vinakwisha, homa ya mafua iliingia kwa meli bandarini Mombasa, ikapanda reli mpaka bara. Ninyi mnaopita Kariokor kila siku, kumbukeni kwamba jina lile latokana na kikosi cha wapagazi wa vita ile. Wengi wao waliookoka risasi na njaa waliuawa na homa hiyo wakati ambapo wenzao walikuwa wanarudi makwao. Duniani kote inakadiriwa kwamba watu wapatao milioni 50 walikufa. Na ilikuwa mafua, ndugu yangu. Jina ambalo sisi hulitaja kwa mzaha, tukisema, "Ah, ni mafua tu."

Na mwaka 2020 ikaja korona. Hiyo si homa ya mafua hasa, maana virusi vyake ni vya ukoo mwingine, lakini ilipita kati ya watu kwa njia iyo hiyo, kwa pumzi na kikohozi. Tarehe 13 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa Kenya alitangazwa. Mnakumbuka maneno yaliyosemwa hapa mtaani. Ilisemwa kwamba ni ugonjwa wa wenye pasipoti, kwamba mtu mweusi hapati, kwamba jua letu litaiua. Kabla mambo hayajatulia, Kenya ilikuwa imeandika vifo zaidi ya 5,600, nao ni wale tu waliopimwa na kuhesabiwa.

Basi, msikilizaji, utaniuliza, "Mwinjilisti, tufanye nini? Mara tuliogopa, ugonjwa haukuja. Mara ulikuja, ukawa mpole. Mara tulicheka, ukaua. Tutajuaje?"

Swali hilo ni la haki. Jibu lake ni kwamba mwanzoni hakuna ajuaye, hata daktari. Virusi vya homa ya mafua hubadilika. Vyaweza kutoka kwa ndege au kwa nguruwe, vikachanganyika, vikawafikia wanadamu katika sura ambayo miili yetu haijapata kuiona. Katika majuma ya kwanza wataalamu huangalia ni wangapi wameugua, ni wangapi wamelazwa, ni kina nani wanaokufa. Kwa hiyo wanaposema, "Hatujui bado," wanasema kweli. Na wanapobadili shauri lao baada ya kuona zaidi, hiyo nayo si lazima iwe hila. Mwaka 2020 shauri juu ya barakoa lilibadilika, na watu wengi wakasema, "Tumewakamata, wanadanganya." Lakini someni Mambo ya Walawi, sura ya kumi na tatu. Kuhani aliletewa mtu mwenye alama katika ngozi. Kama alama ile haikuwa wazi, hakutamka kwamba mtu ni najisi, wala hakumwambia aende zake. Alimtenga siku saba, kisha akamtazama tena. Na kama bado, siku saba nyingine. Mungu hakumwagiza kuhani kukisia. Alimwagiza kutazama, kungoja, na kutazama tena.

Sasa niwaambie habari yangu.

Ilikuwa mwaka 2020, siku za kafyu. Saa moja jioni kila mtu alitakiwa kuwa ndani. Matatu ya abiria kumi na wanne ilibeba wanane, na nauli ikapanda. Makanisa yalikuwa yamefungwa. Katika ploti yetu alikaa mama mjane, mshiriki wetu, mwuza mitumba. Alikaa na mjukuu wake wa miaka mitatu. Tangu kabla ya Pasaka mama huyu alikuwa anakohoa. Kuta za nyumba zetu ni nyembamba, nasi sote tulimsikia usiku.

Nyumba za chini waliogopa. Maji yetu huja kwa zamu, na siku ya zamu kila mtu hupanga mitungi yake kwenye bomba. Walimkataza mama yule kupanga mtungi wake pamoja na mingine. Mtungi wake uliwekwa kando, karibu na mtaro, na yeye alingoja mpaka wote wamalize. Siku nyingine maji yalikatika kabla zamu yake haijafika.

Mimi sikuwa miongoni mwa hao. Nami nilijiona mwema kwa sababu hiyo. Mimi nilikuwa katika kundi la pili. Simu yangu ilijaa ujumbe wa kusema kwamba ugonjwa ule ni uongo, nami niliutuma kwa washiriki, nikiongeza maneno ya Biblia chini yake. Jioni moja tulikwenda watu wanane kumwombea mama yule. Ilikuwa mvua ya Aprili, tukafunga dirisha kwa sababu ya baridi. Tukaimba, tukaomba. Kisha nikamwambia, "Mama, hiyo ni baridi tu. Usikubali hofu. Wala usiende hospitali, maana watakupeleka karantini, halafu wakudai pesa usizo nazo."

Akaniangalia, akasema, "Sawa, Mwalimu. Wewe ndiye unayejua."

Ndugu msikilizaji, mimi sikuwa najua kitu chochote.

Aprili ikapita, Mei ikaenda mpaka mwisho wake. Mama akakonda. Ndipo siku moja akaja mhudumu wa afya wa mtaa, msichana wa rika la kitinda mimba wangu, ana barakoa usoni na daftari mkononi. Alisimama mlangoni, akaomba dirisha lifunguliwe. Hakuuliza kama tunaamini korona au hatuamini. Alisema, "Shikamoo, Nyanya. Kikohozi hiki kilianza lini?" Mama akajibu, "Kabla ya Pasaka, mjukuu wangu." Akamwuliza tena, "Usiku unatokwa na jasho? Nguo zako zimekuwa kubwa? Chakula unakipenda?" Akaandika. Kesho yake asubuhi akampeleka kituo cha afya, makohozi yakapimwa.

Ilikuwa kifua kikuu. Ni ugonjwa wa zamani, tunaoujua sote, ambao dawa zake hutolewa bila malipo katika vituo vya serikali. Na yule mjukuu mdogo aliyelala naye kitanda kimoja, alipopimwa, alikutwa nao pia.

Wale wa bomba walisema ana korona, wakakosea. Sisi wa maombi tulisema hana kitu, tukakosea. Makundi mawili yalibishana juu ya ugonjwa mpya kwa muda wa miezi miwili, na kati yetu mama mmoja na mtoto mmoja walikuwa wanaliwa na ugonjwa wa kale, na hakuna aliyewaangalia. Walikuwa wenye ukoma wetu, wameketi langoni.

Walikunywa dawa miezi sita, nao walipona kwa neema ya Mungu. Mtoto sasa anakimbia. Lakini pafu moja la mama lilikuwa limekwisha kuharibika kwa kuchelewa. Hata leo, akipanda ngazi za ploti, hupumzika mara mbili. Kila nikisikia nyayo zake zinasimama pale katikati ya ngazi, nakumbuka maneno yangu.

Julai ile makanisa yakaanza kufunguliwa. Ibada ilikuwa ya saa moja, watu wasizidi mia moja, na waliozidi miaka 58 pamoja na watoto wa chini ya miaka 13 hawakuruhusiwa. Nilikuwa nimekusudia kumwomba mama yule radhi mbele ya kanisa, lakini umri wake haukumruhusu kuja. Basi nikaenda mlangoni kwake. Nilimwambia nimekosa mbele za Mungu na mbele yake. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, sikuumia kwa sababu ulikosea. Kila mtu hukosea. Niliumia kwa sababu uliniombea na hukuniuliza."

Hukuniuliza. Nimelichukua neno lile tangu siku hiyo, na leo nalitoa kwenu.

Najua yupo anayenisikiliza na kusema, "Lakini viongozi wetu wametudanganya mara nyingi." Sikatai. Mwaka huo huo wa 2020 ununuzi wa vifaa vya korona katika KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa, ulichunguzwa bungeni, na wananchi waliona uchungu mkubwa kusikia habari za mamilioni yale wakati wao hawana hata sabuni. Asiyeamini baada ya mambo kama hayo si mpumbavu. Ni kama yule mfalme wa Samaria, amekwisha kuumizwa na hila. Lakini tusichanganye mambo mawili. Mwizi akiingia matangani akaiba sufuria, tutamfukuza na kumshtaki, lakini hatutasema kwamba hakuna aliyekufa. Wizi ni kweli, na maiti ni kweli. Yatupasa kumkemea mwizi na kumzika mfu, yote mawili.

Basi habari ya homa mpya itakapofika tena Mowlem, nayo itafika, tufanye kama yule mtumishi asiye na jina.

Kwanza, tuulize kabla ya kusambaza. Mithali 14:15 yatufundisha kwamba mjinga huamini kila neno, bali mwenye busara huangalia miendo yake. Ujumbe ukija katika simu yako, uliza, nani asema haya? Amejuaje? Alikwenda akaona, au amesikia sauti usiku? Kama hujui, ujumbe huo ufie kwako. Tena usiutie mstari wa Biblia ili upate kuaminiwa. Mimi nilifanya hivyo, nayo ni kulitaja bure jina la Bwana.

Pili, tufanye yale madogo ambayo hayatudhuru hata kama homa ikiwa pole. Fungua dirisha, hasa pale mnapokutana wengi kuomba. Kohoa katika kiwiko. Nawa mikono kwa sabuni, hata kama maji ni kikombe kimoja. Mwenye homa na akae nyumbani Jumapili hiyo, asihesabiwe kuwa amerudi nyuma katika imani. Akikosa pumzi, au akichanganyikiwa, au akiwa mtoto mchanga, mama mjamzito au mzee, apelekwe hospitali upesi. Na kikohozi kikifika majuma mawili, nenda ukapimwe kifua kikuu, liwepo gonjwa jipya au lisiwepo.

Tatu, sisi tunaosimama madhabahuni tuwe na unyenyekevu wa kusema, "Sijui." Mtu maskini akikuita Mwalimu, ameweka maisha yake mkononi mwako. Mwombee kwa imani yako yote, kisha mpe nauli ya kwenda kupimwa. Bwana Yesu alipowatakasa wenye ukoma aliwaagiza waende wakajionyeshe kwa kuhani. Hakuona kwamba kuchunguzwa ni upungufu wa imani.

Nne, tusiwasahau walio nje ya lango. Kila mara habari mpya inapotokea, yuko mtu ambaye mtungi wake umewekwa kando. Jaza mtungi wake. Weka unga mlangoni pake. Mpigie simu kama huwezi kuingia. Na ukifika, kabla hujafungua Biblia, mwulize, "Ilianza lini?"

Yule akida wa Samaria aliona wingi wa chakula kwa macho yake, lakini hakuonja, maana alikanyagwa na watu langoni siku ile ile. Washami walipoteza kila kitu kwa kukimbia sauti. Aliyeusaidia mji ni mtu aliyesema kwa upole, twende tukaone, pamoja na wagonjwa wanne ambao hawakutaka kukaa na habari ile peke yao. Leo, kabla hujalala, fikiri ni mlango gani katika ploti yako ambao husikia kikohozi nyuma yake. Nenda ukabishe hodi.

Natuombe.

Ee Bwana, Baba yetu, utusamehe tulipokimbia bila kuona, na tulipocheka bila kuona. Utusamehe maneno tuliyoyasema kwa jina lako nawe hukututuma. Uwalinde wauguzi na wahudumu wanaopita mlango kwa mlango. Uwape viongozi wetu mikono safi, ili watu wapate kuwaamini tena. Uwakumbuke wanaokohoa usiku huu katika vyumba vya Mowlem, na Umoja, na Dandora, na Kariobangi, na mahali pote sauti hii inapofika. Utupe macho ya kutazama, na subira ya kutazama tena, na miguu ya kwenda kwa jirani. Twaomba haya katika jina la Yesu Kristo, aliyewagusa wagonjwa ambao wengine waliwaogopa. Amina.